Krimu au Kijivu? Majibu kwa Wasomaji Wanaopaka Nyumba

Barua za safari hii karibu zote zinahusu rangi za ndani. Ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu ubishi uliomo ndani yake unaendelea katika nyumba nyingi za Arusha na Moshi.

Habari za kazi. Tunamalizia nyumba yetu Njiro. Sebule ni mita 5 kwa 4, ina madirisha mawili makubwa yanayotazama kusini, mbele yake kuna baraza lenye paa, kisha bustani ya nyasi. Sakafu ni marumaru za krimu zenye michirizi ya kahawia. Mimi nataka krimu, mume wangu anataka kijivu hafifu kwa kuwa ndicho kinachoonekana kwenye nyumba mpya. Kadi za sampuli za rangi zote mbili tumezibandika ukutani, zote zinapendeza. Tuchague ipi? – Mama wa wawili, Njiro

Dada, kwa chumba ulichokieleza, sisi tungepaka krimu. Mwambie shemeji asikasirike, kijivu chake tutakitafutia mahali.

Anza na jua. Arusha iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la mchana linapita kaskazini, upande wa Mlima Meru. Dirisha linalotazama kusini halipati jua la moja kwa moja miezi yote hiyo. Na humohumo ndimo ulimo msimu wa baridi, Juni hadi Agosti, ambapo mawingu mara nyingi hukalia mji asubuhi nzima. Mwanga unaoingia sebuleni kwenu wakati huo unatoka angani tu, na mwanga wa namna hiyo una ubluu ndani yake. Desemba jua huhamia upande wenu, lakini mchana linakuwa juu mno, kama nyuzi 70 kutoka upeo wa macho, hivyo paa la baraza linalikinga lisiingie ndani.

Sasa weka kijivu kwenye mwanga huo. Kijivu hafifu kinachouzwa sana kina bluu kidogo kwenye mchanganyiko wake. Mwanga wa bluu juu ya rangi yenye bluu unaikoleza, na ukuta wako mwezi Julai utafanana na lipu ambayo haijapakwa. Krimu ina njano ndani yake, na njano inafidia kile ambacho mwanga wa kusini umekosa.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalihesabu: nyasi. Chumba chenye baraza hupata sehemu kubwa ya mwanga wake kutoka ardhini, umegonga chini ukapanda hadi darini. Ukigonga nyasi unakuja na ukijani. Ukigonga udongo mwekundu au matofali ya kupanga uani, unakuja na wekundu. Krimu ya ndimu, ile inayoelekea njano mbichi, ikipata mwanga wa nyasi inageuka kijani cha ugonjwa. Kwa hiyo mnapokwenda dukani chukueni krimu inayoelekea upande wa pichi au ngano, ya ndimu iacheni.

Tatu ni sakafu. Marumaru za krimu zikikaa chini ya ukuta wenye ubluu, jicho linazilinganisha na sakafu inaonekana ya njano zaidi kuliko ilivyo, kama haijapigwa deki vizuri. Marumaru nyeupe au za kijivu hazina shida hiyo. Sakafu imekwishalazwa na ndiyo ghali kuibadilisha, basi rangi ndiyo iifuate sakafu.

Nne ni wingi wa mwanga. Nyuma ya kadi za rangi za watengenezaji wengi kuna namba kati ya 0 na 100 inayoonyesha rangi inarudisha kiasi gani cha mwanga. Nyeupe iko kwenye 85 hivi, krimu nyingi ziko kati ya 70 na 80, kijivu hafifu mara nyingi kiko kati ya 50 na 60. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosomeka, kwa sababu mwanga unagonga ukuta mmoja ukaenda wa pili na wa tatu, na kila ukigonga unapungua. Kwa chumba kilicho nyuma ya baraza tunapendekeza isishuke chini ya 65. Ikishuka hapo mtawasha taa saa 9 alasiri.

Kuhusu zile kadi mlizozibandika: kadi ndogo kwenye ukuta wa lipu haisemi ukweli. Lipu yenyewe ni ya kijivu, kwa hiyo kando yake kila rangi inaonekana safi na yenye uhai. Isitoshe, rangi ikishapanda kuta nne, kuta zinaangaliana na kuongezeana nguvu, nayo inakolea kuliko kadi. Ndiyo maana mafundi wazoefu husema ukishaipenda rangi kwenye kadi, chukua inayofuata kwa wepesi.

Kujua rangi ina nini ndani yake, weka kadi juu ya karatasi nyeupe ya kuchapia, karibu na dirisha, taa zikiwa zimezimwa. Kijivu ulichodhani ni kijivu tu kitajionyesha chenyewe: hiki kina bluu, kile kina zambarau, kile kingine kina kijani. Kama rangi inachanganywa kwa mashine, ndoo inabandikwa karatasi yenye fomula. Mwombe muuzaji akusomee. Kijivu kilichotengenezwa kwa nyeusi na bluu ni kitu tofauti kabisa na kijivu cha nyeusi na njano ya udongo.

Halafu jaribuni kabla ya kununua ndoo. Nunueni lita moja ya kila rangi. Kateni vipande viwili vya hadibodi kwa kila rangi, sentimita 60 kwa 60, vipakeni nyeupe kwanza, kisha mikono miwili ya rangi, yaani mpake mara mbili, mkiacha ukingo mweupe wa sentimita 5 pande zote. Ukingo huo ndio unaozuia rangi ya jirani isiliambukize jicho. Mviache vikauke usiku kucha, kwa kuwa rangi ya maji huwa nyepesi ikiwa mbichi na hukolea ikikauka. Kipande kimoja kisimamisheni kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, kingine kwenye ukuta wenyewe wa dirisha, ambao ndio wenye giza kuliko zote. Visimame wima, ukivilaza mezani vinapata mwanga wa juu ambao ukuta haupati. Angalieni saa 1 asubuhi, saa 6 mchana, saa 11 jioni na saa 2 usiku taa zikiwa zinawaka. Mnapoangalia rangi moja, nyingine itoeni chumbani kabisa, kwa sababu zikiwa pamoja kijivu kitaifanya krimu ionekane njano kali, na krimu itakifanya kijivu kionekane bluu. Siku mbili au tatu zinatosha, mradi moja iwe ya mawingu.

Lile jaribio la saa 2 usiku linategemea balbu. Soma boksi lake: 6500K ni taa nyeupe yenye ubluu, ndiyo iliyojaa madukani, 3000K ni taa ya njano. Kwenye taa ya 6500K krimu inapoa na kufifia, kijivu kinazidi ubaridi. Kwenye taa ya 3000K krimu inakuwa ya siagi, kijivu chenye bluu kinatulia, lakini chenye zambarau kinaweza kugeuka pinki. Kama usiku ndio mnaoutumia sana sebuleni, badilisheni balbu kabla ya kubadilisha rangi. Balbu ya 4000K inafaa sana pale ambapo watu wawili hawakubaliani.

Na shemeji? Ana njia mbili. Ya kwanza ni kijivu chenye udongo ndani yake, kile kinachokaa kati ya kijivu na krimu. Kitapatana na marumaru na hakitapoa sana. Ya pili ni kumwachia ukuta mmoja, ule wa kaskazini unaotazamana na madirisha, kwa sababu ndio unaopokea mwanga mwingi. Ukuta wa madirisha usipakwe rangi nzito kamwe. Dirisha linalong'aa katikati ya ukuta mweusimweusi linachoma macho, na anayekaa akilitazama atafunga pazia mchana kweupe.

Chumba kingine ambacho kijivu kinastahili ni kile chenye dirisha la magharibi. Huko jua la saa 10 hadi saa 12 jioni linaingia likiwa limeinama na lina rangi ya chungwa. Krimu inageuka pichi kali, kijivu kinabaki na adabu yake. Kama nyumba ina chumba hicho, mpeni.

Chumba changu cha kulala Pasua, Moshi, kina joto sana. Nichague nyeupe au bluu hafifu ili kipoe? Dirisha liko magharibi. – Msomaji, Moshi

Ndugu, rangi ya ndani haitakipunguzia chumba joto, iwe nyeupe au bluu. Joto lako linaingia kwa bati, kwa ukuta wa magharibi na kwa kioo. Rangi inayosaidia ni ya nje: ukuta wa magharibi ukipakwa nyeupe au krimu kwa nje unarudisha jua kabla halijaingia kwenye tofali, na bati la rangi nyepesi hufanya hivyohivyo. Hakikisha pia hewa ya juu ya dari ina pa kutokea, na weka kivuli nje ya dirisha. Pazia la ndani linalizuia jua likiwa limekwishaingia.

Ukija kwenye macho, bluu hafifu inatuliza, na mwanga wa jioni wa magharibi unaipunguzia ubaridi. Nyeupe kali kwenye dirisha hilo itakuumiza macho saa 11 jioni. Tungechukua bluu, namba ya kurudisha mwanga iwe 65 au 70, na dari iwe nyeupe. Tena kwa Moshi nyeupe ina taabu ya vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu linakaa kwenye mita moja ya chini, nyuma ya kitanda na kuzunguka swichi. Chagua rangi ya silki inayofutika kwa kitambaa chenye maji. Ya mati, ile isiyong'aa, ukiifuta inabaki na alama ya kung'aa pale uliposugua.

Silki ina sharti lake: inaonyesha kila kilima na bonde la ukuta, hasa ukuta ulio kando ya dirisha ambao mwanga unaupitia kwa ubavu. Kabla ya kupaka, washa tochi uiegemeze ukutani usiku. Utaona michirizi yote ya skimu, ile tabaka laini inayopigwa juu ya lipu, ambayo mchana imejificha. Ipige msasa namba 150, futa vumbi, ndipo upake.

Fundi amemaliza sebule ya krimu. Sehemu zilizochubuka wakati wa kuingiza sofa alizirudia kwa rangi ileile kutoka kopo jipya, sasa zinaonekana kama viraka. Anasema zitafifia. – Ilboru, Arusha

Hazitafifia. Sababu zinaweza kuwa tatu, na mara nyingi zote ziko pamoja. Kopo jipya limechanganywa siku nyingine, na mashine hata ikiwa nzuri inaachana kidogo. Ukuta ulipakwa kwa rola, kiraka kimepakwa kwa brashi. Rola inaacha vinundu vidogo vinavyotawanya mwanga, brashi inaacha mistari. Na kiasi cha maji kilikuwa tofauti.

Dawa ni kupaka ukuta huo mzima, kona hadi kona, kwa rola ileile. Kuta nyingine ziache, maana jicho halilinganishi rangi kirahisi likivuka kona. Viraka vya kung'aa vipitishie msasa laini kwanza. Fundi apake kwa upana wa mita moja moja kutoka juu hadi chini, kila upana uukute ule uliotangulia ukiwa bado mbichi. Akienda kunywa chai katikati ya ukuta, mstari utabaki hapo.

Kwa wale ambao hawajaanza: nunueni rangi yote siku moja, angalieni namba ya mkupuo, yaani ya mchanganyiko mmoja wa kiwandani, kwenye kila ndoo, na ndoo zote za rangi moja zimiminwe kwenye pipa safi zikorogwe pamoja. Kisha hifadhini lita moja isiyotiwa maji, imefungwa vizuri, kopo limeandikwa jina la chumba. Hiyo ndiyo ya viraka.

Kuhusu maji, simamieni kwa macho yenu. Kwa rangi nyingi za ndani mkono wa kwanza hauzidi asilimia 10, yaani lita 2 kwa ndoo ya lita 20, na wa pili asilimia 5 au chini. Maelekezo ya kopo ndiyo yanayotawala. Anayetia lita 6 ili ndoo ifike mbali anakupa ukuta unaoacha unga mkononi ukiupitisha, na krimu inayoonekana madoadoa kwa sababu haijafunika.

Chumba kina rangi ya damu ya mzee, tunataka krimu. Ni mita 3.6 kwa 3.2, kimo mita 2.7, mlango mmoja, dirisha moja. Tununue kiasi gani? – Rau, Moshi

Mzunguko wa kuta ni mita 13.6. Zidisha kwa 2.7, unapata mita za mraba 36.7. Toa mlango wa mita 0.9 kwa 2.1 na dirisha la mita 1.5 kwa 1.2, inabaki 33. Mikono miwili ni 66. Kwa ukuta uliopigwa skimu, lita moja inafunika mita za mraba 10 hivi kwa mkono mmoja, kwa hiyo ni lita 6.6, ongeza asilimia 10, ni lita 7.3. Galoni mbili za lita 4 zinatosha. Ukuta wa lipu isiyo na skimu unakunywa zaidi, lita moja inafika mita 7 tu, na hapo mtahitaji lita 10 na nusu.

Lakini damu ya mzee ni rangi nzito. Mkiifunika kwa krimu peke yake mtapaka mikono minne na bado kutakuwa na wekundu unaochungulia kwenye kona. Pakeni kwanza mkono mmoja wa praima nyeupe, yaani rangi ya msingi, lita 4 kwa chumba hicho, ni nafuu kuliko mikono miwili ya ziada ya krimu.

Kabla ya hapo jueni iliyopo ni rangi ya mafuta au ya maji. Chovya kitambaa cheupe kwenye spiriti, sugua mahali pamoja kwa nusu dakika. Ikitoka kitambaani ni ya maji. Isipotoka ni ya mafuta, na rangi ya maji ikipakwa juu yake bila maandalizi itabanduka kama ganda. Hiyo ioshwe kwa sabuni, isuuzwe, ikwaruzwe kwa msasa hadi mng'ao wake upotee, kisha ipakwe praima ya kushikia. Kama ni ya zamani sana, tumieni msasa wa maji, wala watoto wasiwepo, kwa sababu rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi.

Lipu ina wiki mbili, fundi anataka kuanza kupaka krimu wiki hii kabla masika hayajakolea. Tumruhusu? – Moshono, Arusha

Msimruhusu. Lipu ya saruji inahitaji siku 28 angalau, na kwenye unyevunyevu wa Machi hadi Mei inaweza kuchukua zaidi. Bandikeni nailoni ya sentimita 50 kwa 50 ukutani, mzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, muiache saa 24. Mkikuta matone ndani yake au ukuta umekuwa mweusi chini yake, maji bado yapo.

Maji hayo yakitoka baada ya kupaka yanakuja na chumvi, unga mweupe unaoisukuma rangi mpaka inavimba. Saruji mbichi pia ina magadi makali yanayobabua baadhi ya rangi, na krimu yenu itatoka na mabaka yaliyopauka ambayo hata mkono wa tatu hauyafichi. Wakati mnasubiri, fundi apige dari na milango. Ukuta ukikauka, ufagiliwe kwa brashi kavu, upewe praima inayostahimili magadi, ndipo krimu ifuate.

Dari na fremu za milango zipakwe rangi gani kama kuta ni krimu? – Sakina, Arusha

Dari ya jipsamu, nyeupe ya mati. Fremu na milango, nyeupe iliyotiwa tone la krimu, ya mafuta yenye mng'ao wa kati. Nyeupe kali ya karatasi iepukeni kwenye fremu, kwa sababu itaifanya krimu ya ukutani ionekane imezeeka.